Idjwi, kisiwa jirani: mambo ya kujua kabla ya kupanda boti

Kwenye masoko ya Goma na Bukavu, nanasi la Idjwi halihitaji mtu wa kulipigia kelele. Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale wamekula tunda la kisiwa hiki bila hata siku moja kukanyaga kule. Wengine wamekiona kwa mbali tu, wakiwa ndani ya boti kati ya Goma na Bukavu: mlima mrefu wa kijani umelala katikati ya maji, moshi wa majiko unapanda, watoto wanapunga mikono kwenye mwambao, halafu boti inapita.

Wengi hubaki na maneno mawili tu juu ya kisiwa hicho: kwamba kuna amani, na kwamba kuna nanasi. Lakini maneno hayo hayatoshi. Mtu anayetaka kwenda kutembea Idjwi, iwe kwa mapumziko, kwa biashara, kwa harusi au kumtembelea ndugu, afadhali ajue anakwenda wapi, atakuta watu gani, na amani hiyo inasimama juu ya nini.

Idjwi ni wapi, na ni ya nani?

Kuna wanaodhani Idjwi ni jimbo lenye kujitegemea. Hapana. Idjwi ni teritwari, sawa na vile Masisi ni teritwari na Walikale ni teritwari. Tofauti ni kwamba yenyewe iko upande wa Kivu ya Kusini, ambayo ina teritwari nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Kati ya hizo zote, Idjwi peke yake imezungukwa na maji pande zote.

Ndani yake muna shefri mbili. Kaskazini ni Rubenga, kusini ni Ntambuka. Kila moja ina mwami wake. Mgeni akisikia mtu anasema "mimi ni wa kaskazini" au "mimi ni wa kusini", ajue si mambo ya dira tu, ni mambo ya ukoo na ya utawala pia.

Kwa urefu, kisiwa kinakaribia kilomita 40, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 300. Katika Afrika nzima, kati ya visiwa vilivyo ndani ya maziwa, Ukerewe ya Tanzania, katika ziwa Victoria, ndiyo inayoipita kwa ukubwa. Walikale ni kubwa kuliko Idjwi mara nyingi sana, lakini mtu wa Walikale anaweza kutembea saa nzima msituni bila kukutana na mtu. Kule Idjwi, zaidi ya watu laki mbili wamebanana juu ya milima. Nyumba inaonana na nyumba, shamba linagusa shamba.

Kufika kule

Kwa mtu wa Masisi, njia ya kawaida ni kushuka Sake, kisha Goma, na kutafuta boti bandarini. Wengine wanapita Sake hadi Minova, kisha wanavuka ziwa. Kwa mtu wa Walikale, anayeweza kufika Goma atafanya kama jirani yake wa Masisi. Anayeona Bukavu ni afadhali atafuata barabara ya Hombo na Bunyakiri, kisha achukue boti ya kupanda kuelekea kisiwani.

Hali ya barabara hizi inabadilika kwa wiki, saa zingine kwa siku moja. Barabara iliyokuwa wazi jana inaweza kufungwa leo ju ya mapigano au ju ya mvua. Kabla ya kufunga mzigo, uliza madereva, uliza motari waliotoka upande huo asubuhi, na sikiliza habari. Beba karti ya uchaguzi au kitambulisho kingine kinachokubaliwa. Bandarini kuna watu wanaoandika majina ya abiria, na mtu asiye na karatasi anajitafutia matatizo.

Boti ziko za aina mbili. Kuna boti za kasi, zenye bei ya juu, zinazotumia saa chache. Na kuna boti za mbao, zenye mzigo, mbuzi, magunia na watu pamoja, ambazo zinaweza kuchukua sehemu kubwa ya siku. Si boti zote za Goma na Bukavu zinasimama Idjwi. Uliza kabla ya kulipa: inasimama wapi, upande wa kaskazini au wa kusini, na inarudi lini. Aliyeshushwa Bugarula wakati ndugu zake wako kusini atalipa moto ya safari ndefu, juu ya barabara ya udongo. Lami haipo kisiwani.

Maji hayana mchezo

Watu wa milima ya Masisi wengi hawajui kuogelea, na hakuna haya katika hilo. Lakini ni sababu ya kuchukua tahadhari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa chini zaidi kina chake kinapita mita 450. Hakuna kule kusimama na kugusa chini kwa vidole.

Mwezi wa nne 2019, boti ilizama upande wa Kalehe na watu wengi sana wakapotea. Rais Félix Tshisekedi alikwenda Kalehe, na ikaamriwa kila abiria avae jile la kuokolea maisha. Amri iko, lakini utekelezaji unategemea bandari na unategemea abiria mwenyewe. Ukipewa jile, livae, lifunge. Usilikalie kama mto. Kama boti imejaa mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka. Pesa ya tiketi inaweza kurudi, maisha hayarudi. Na upepo: mara nyingi asubuhi maji hutulia kuliko alasiri. Muulize mwenye boti, naye atakuambia ziwa limeamkaje.

Swali lingine wanalouliza wengi ni juu ya gesi. Ni kweli kwamba chini ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi, metani na gesi kaboni, iliyoshikwa na uzito wa maji ya juu. Upande wa Rwanda tayari metani inatolewa na kugeuzwa umeme. Hofu inatoka kwa yaliyotokea Kameruni mwaka 1986, wakati ziwa Nyos lilitapika gesi na kuua watu karibu 1700. Wataalamu wanalichunga ziwa Kivu kwa sababu hiyo. Lakini gesi hiyo iko chini sana, na abiria anayevuka hakutani nayo. Kinachoua watu kwenye ziwa hili mwaka baada ya mwaka ni boti kuzidishiwa mzigo, upepo na kukosa jile.

Jambo la mwisho juu ya maji: mpaka wa Kongo na Rwanda unapita ndani ya ziwa, upande wa mashariki ya kisiwa. Mpaka huo hauna ukuta wala alama ambayo mgeni ataiona. Usikodi mtumbwi na kwenda kutembea upande huo bila mtu anayejua mahali maji ya Kongo yanapoishia.

Watu utakaowakuta

Wenyeji wengi ni Bahavu, na lugha yao ni kihavu. Wako pia watu wenye asili ya upande wa Rwanda, na wako Bambuti, waliokuwa watu wa msitu kabla msitu haujakatwa. Kiswahili kinasikilizwa karibu kila mahali, hasa sokoni na bandarini. Kwenye vilima vya ndani, kwa wazee, salamu ya kihavu itafungua mlango haraka zaidi, kwa hiyo muombe mwenyeji akufundishe hata neno moja njiani.

Historia ya kisiwa ni ndefu kuliko mpaka. Ufalme wa Idjwi ulianzishwa na ukoo wa Basibula karibu miaka mia mbili iliyopita, na mwami wa kwanza anayekumbukwa ni Mwendanga. Kila mwaka kulikuwa na muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza, ambapo mwami alionja chakula kipya kwa niaba ya nchi. Mwanahistoria mmoja Mmarekani, David Newbury, alikaa kisiwani akisikiliza wazee, na mwaka 1991 alitoa kitabu kizima juu ya ufalme huo.

Mnamo karne ya 19, mwami Rwabugiri wa Rwanda alikivamia kisiwa na mwami Kabego aliuawa. Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, ukoo wa kisiwa ulirudi kutawala. Halafu wakaja wazungu. Wajerumani, waliokuwa Rwanda, na Wabelgiji, waliokuwa Kongo, walikigombania mpaka mapatano ya 1910 yalipokiweka upande wa Kongo. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Wajerumani walikiteka mwezi wa tisa 1914, na Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916. Kwa hiyo anayesema Idjwi haijawahi kujua vita anasahau. Kisiwa kilijua vita mapema kuliko vijiji vingi vya bara.

Kwa nini vita za leo hazikuota mizizi?

Hapa ndipo mtu wa Masisi anasikiliza kwa masikio mawili. Tangu 1993, Masisi na Walikale zimehesabu vita juu ya vita. Idjwi, iliyo karibu namna hiyo, haikujua mapigano makubwa ya kudumu kama yetu. Mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka ziwa na kupokelewa kule. Askari wa pande mbalimbali walipita. Lakini kwa miaka mingi makundi yenye silaha hayakujenga makao kama yalivyojenga kwenye milima yetu.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Ya kwanza ni maji: kundi haliwezi kuingia na kutoka usiku kama linavyofanya msituni. Ya pili ni kwamba hakuna kitu cha kuchimba kinacholeta bunduki. Mtu wa Walikale anaelewa hili bila maelezo. Kasiterite ya Bisie ilileta pesa, na pamoja na pesa ikaleta wenye silaha. Idjwi haina Bisie yake. Ya tatu ni namna ya kusikilizana: magomvi yanapelekwa kwa wazee, kwa wami, kwa makanisa, na kwenye kisiwa kidogo hakuna mahali pa kukimbilia baada ya kumdhulumu jirani. Kesho mtakutana tena kwenye soko lile lile.

Lakini amani hii isigeuzwe hadithi ya kufurahisha wageni. Kutokuwa na risasi si sawa na kuwa na maisha mazuri.

Kinachokitikisa kisiwa ni ardhi

Ukipanda kilima chochote kule, utaona. Mihogo, maharagi, migomba, kahawa, mananasi, vyote kwenye kipande ambacho hapa kwetu kingelisha mbuzi wawili. Baba akiwa na watoto sita wa kiume, kila mmoja atapata mistari michache ya migomba. Wakati wa ukoloni sehemu nzuri zilichukuliwa na mashamba makubwa ya wenye mali. Mtu wa Masisi, aliyezaliwa kando ya shamba la ng'ombe lisilo na mwisho wakati yeye mwenyewe hana pa kulima, hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Walioumia zaidi ni Bambuti. Msitu ulipokatwa na kugeuzwa mashamba, walipoteza mahali pa kuwinda, pa kukusanya dawa na chakula, na hawakupewa ardhi ya kutosha ya badala yake. Wengi wanaishi kando ya mashamba ya wengine, wakifanya vibarua vya siku na kufinyanga vyungu. Mgeni anayetaka kununua chungu kwa Bambuti anunue kwa bei ya haki. Lakini asiende kuwapiga picha kama vile anapiga picha wanyama. Ni raia, wana jina, na wana madai yao.

Ndiyo sababu vijana wengi wa Idjwi wanahama kwenda Goma, Bukavu au kwenye machimbo ya bara. Kisiwa ambacho wengine wanakimbilia kutafuta utulivu, watoto wake wanakiacha wakitafuta pa kulima.

Migomba nayo ina ugonjwa. Mnyauko wa migomba, ule uliogunduliwa Masisi mwaka 2001 na kumaliza mashamba mengi, ulivuka maji ukafika kisiwani. Kwa familia inayolipa shule kwa kasiksi na ndizi, huo ni msiba. Kwa hiyo, msafiri, usibebe miche ya migomba kutoka Masisi kwenda kupanda kule, hata kama ni zawadi nzuri. Panga lililokata mgomba mgonjwa nalo linabeba ugonjwa.

Kahawa iliyopita usiku

Idjwi ni kisiwa cha kahawa arabika. Lakini kwa miaka mingi mkulima hakuwa na mahali pa kuiosha vizuri wala mnunuzi wa haki. Kwa hiyo wengi walipakia magunia usiku kwenye mitumbwi na kuvuka kwenda kuuza Rwanda, ambako bei ilikuwa afadhali. Wengine hawakurudi. Mtumbwi mdogo, gunia zito, upepo wa usiku: kisiwani kuna wajane wanaojua bei halisi ya kahawa hiyo.

Baadaye wakulima walijikusanya. Ushirika unaojulikana kwa herufi CPNCK ulianzia hapo Idjwi, ukajenga vituo vya kuoshea kahawa, na kahawa ya kisiwa ikaanza kuuzwa nje kwa jina lake yenyewe. Haikumaliza umasikini. Lakini mkulima anayepeleka kahawa yake mchana kwenye kituo kilicho karibu na nyumba hahitaji tena kuvuka giza. Mgeni akiomba kuonyeshwa kituo wakati wa mavuno, ataona namna punje inavyomenywa, inavyooshwa na kuanikwa juu ya meza ndefu, akina mama wakichambua kwa mikono.

Ukifika, utakuta nini?

Hutakuta hoteli za fahari. Anayetafuta kisiwa cha watalii, chenye mahema mazuri na huduma, aulize juu ya Chegera, kisiwa kidogo karibu na Goma kinachosimamiwa na Hifadhi ya Virunga. Idjwi ni kisiwa cha wananchi. Kuna nyumba chache za kulala wageni, vyumba vya parokia, na ukarimu wa watu. Umeme ni wa jua au wa jenereta ndogo. Beba tochi, dawa zako za kila siku, chandarua, na faranga zilizovunjwa vizuri. Maji ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe. Maji ya ziwa yaliyo safi kwa macho yanaweza kubeba kipindupindu.

Cha kuona kipo. Kuna njia za miguu zinazopita juu ya mgongo wa kisiwa, mahali kilele kinapita mita 2000, na kutoka kule unaona Kongo upande mmoja na Rwanda upande wa pili. Kuna siku za soko, ambapo mitumbwi inafika imejaa. Na jioni kuna wavuvi wa sambaza. Samaki huyo hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950, na leo ndiye chakula cha masikini na cha tajiri. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawashwa, na wavuvi wanatoka wakiimba kwa kufuata kasia. Usiku kukiwa na giza, taa hizo zinapangika juu ya maji kama mji mwingine.

Adabu ni ile ile ya kwetu. Ukifika kijijini, jitambulishe kwa mkubwa wa mahali kabla ya kuanza kuzunguka. Usipige picha bandarini wala kwa askari. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Ukialikwa kula, kaa ule, hata kama ni sombe na mihogo tu, kwa sababu aliyekualika pengine amegawa cha watoto.

Na pesa yako iache kule kule. Lala usiku mmoja au miwili badala ya kurudi na boti ya jioni. Kula kwa mama anayepika sokoni. Nunua nanasi na kahawa kwa mkulima mwenyewe, si kwa mtu wa bandari ya Goma aliyezinunua kwa bei ya kumuumiza. Usibishane mpaka faranga ya mwisho na mtu ambaye shamba lake ulilivuka kwa hatua ishirini.

Halafu, wakati wa kurudi, tazama mzigo wako. Mananasi ni mazito, na boti ni ileile. Pakia unachoweza kubeba, vaa jile, kaa katikati.